Mutu wa hadisi ni wa nani? Historia ya haki za wachoraji wa bede kwetu na kwa majirani

Katika kitabu hiki cha chama chetu tumezoea kusoma juu ya ndoa, juu ya majina ya kuzaliwa, juu ya vilima na mipaka yake. Wasomaji fulani watajiuliza: bede inaingia wapi katika desturi? Sisi tunajibu kwamba inaingia pa mulango mukubwa. Desturi ni kitu ambacho watu wanapashana toka mukono mpaka mukono, na siku hizi hadisi nyingi ambazo watoto wa Butembo na Beni wanapashana hazitoki tena pa moto wa jioni, zinatoka katika picha. Fungua kaye ya mwanafunzi wa sekondari, angalia kurasa za nyuma: utakuta Spider-Man amechorwa kwa biki ya bluu. Mutoto anajua jina la Spider-Man. Muulize ni nani aliyemuchora mara ya kwanza, atanyamaza. Muulize tena jina la muchoraji mumoja tu wa Kongo, atanyamaza zaidi.

Basi ulizo letu ni hili: mutu wa hadisi, yule anayechorwa leo na kesho na watu wanamujua kwa jina, ni wa nani? Ni wa yule aliyemutunga, ao ni wa mwenye gazeti, ao ni wa wote? Ulizo hili si la Wazungu peke yao. Vijana wetu wanaochora wanalikuta kila mwaka, na mara nyingi wanalikuta wakiwa wamechelewa.

Pa kyaghanda na ku kilima

Wakubwa wetu walikuwa na kyaghanda, nyumba ya moto ambamo maneno ya jamaa yalizungumuzwa na vijana walijifunza kukaa na watu. Sungura wa hadisi za zamani hakuwa na mwenyewe. Kila muzee aliweza kumuchukua, kumuongezea ujanja, kumupeleka sokoni ao mutoni. Hakuna aliyesema: "Sungura ni wangu, lipa kwanza." Lakini tusidanganyike kusema kwamba hakukuwa na haki yoyote. Musimuliaji hodari alijulikana. Alisikilizwa, alipewa nafasi karibu na moto, na aliyerudilia maneno yake aliweza kuulizwa: "Hii umeitoa kwa nani?" Jina la muzee lilitembea pamoja na hadisi, na malipo yalikuwa heshima.

Tuangalie tena desturi ya udongo. Mutu aliyepewa shamba kusudi alime maharagi ao mihogo alitoa kitu cha heshima kwa mwenye kilima. Mavuno yalikuwa yake, kilima hakikuwa chake. Hakuna mutu mwenye akili aliyechanganya mavuno na kilima. Tunaomba musomaji ashike mufano huu, kwa sababu mambo yote ya wachoraji njo yamo ndani yake. Picha moja ni mavuno. Mutu wa hadisi, pamoja na jina lake, sura yake na tabia yake, ni kilima, kwa sababu anaweza kuzaa picha nyingine elfu.

Kitabu kilichopigwa chapa kilipofika, mambo mawili yaliachana: hadisi ilianza kwenda mbali kuliko jina la mwenyewe, na feza iliingia katikati.

Kongo katika picha za wengine

Bede inayotutaja sisi na kujulikana ulimwenguni kote haikutungwa na Mukongomani. Ni Tintin katika Kongo, kazi ya Mubelgiji Georges Remi aliyejiita Hergé, ambaye hakuwa amekanyaga Kongo. Ilitoka kipande kwa kipande katika Le Petit Vingtième, gazeti la watoto la Brussels, katika 1930 na 1931, na ikachorwa upya kwa rangi katika 1946. Ndani yake watu weusi wana midomo mikubwa na akili ya watoto. Tuliingia katika bede kama mali ya hadisi ya mwingine.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitoa hapa inchini gazeti la picha, Nos Images, na ndani yake kulikuwa hadisi za jamaa ya Mbumbulu. Mbumbulu alikuwa mufano wa "evolue": anavaa vizuri, anasafisha nyumba, anatii. Watu walicheka na kujifunza, lakini mwenye Mbumbulu alikuwa ofisi. Mbumbulu hakuweza kusema kitu ambacho ofisi haikutaka.

Kwa wakati ule ule, kule Kasai, padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha juu ya warafiki wawili, Matamata na Pilipili. Wakongomani njo walikuwa wachezaji: uso, mwili na kicheko vilikuwa vyao, lakini mashine na filamu vilikuwa vya misioni. Na jina lenyewe? Pilipili ni neno ambalo mama wa soko anatamka kila siku. Hakuna mutu anayeweza kuwa mwenyewe wa neno pilipili. Anaweza tu kuwa mwenyewe wa ginsi alivyoligeuza kuwa mutu.

Tunaleta habari hii kwa sababu ya mambo yaliyofuata. Katika miaka ya 1970 muchoraji wetu Mongo Sisé alichukua Mata Mata na Pili Pili, akawatia katika bede, na mwaka wa 1978 kitabu chao kimoja, Le Portefeuille, kilitoka Kinshasa. Wale wawili walitoka katika filamu ya mumisionere, wakaingia katika kalamu ya Mukongomani. Nani mwenyewe? Padri aliyeanza? Wachezaji waliotoa uso? Muchoraji aliyewapa maisha mapya baada ya uhuru? Ukiuliza katika darasa, wanafunzi wanagawanyika mara tatu, na kila upande uko na sababu. Sheria, yenyewe, inajibu kwamba kila mutu ana haki juu ya kile alichotengeneza mwenyewe, na anayejenga juu ya kazi ya mwingine anahitaji ruhusa. Mongo Sisé kisha alikwenda Ubelgiji, akajifunza katika studio za Hergé, na akatunga mutu mupya kabisa, Bingo. Bingo en ville ilitoka mwaka wa 1981. Bingo hakutoka kwa mutu mwingine. Mongo Sisé alikufa mwaka wa 2008, na jina lake halikutengana na jina la Bingo.

Apolosa anajulikana, muchoraji wake je?

Mwaka wa 1968, pale Kinshasa, Freddy Mulongo na Achille Ngoye walianzisha gazeti Jeunes pour Jeunes, ambalo wakati wa "otantisite" liliitwa Kake, ni kusema radi kwa Kilingala. Lilizungumuza lugha ya mitaa, na watu wake wa hadisi waliitwa Apolosa, Sinatra, Durango. Wachoraji kama Boyau, Djemba Djeis, Lepa Mabila Saye na Sima Lukombo walijulikana pale. Wazee wa miaka sitini na zaidi waliosoma Kinshasa ao Kisangani wakisikia jina Apolosa wanacheka mara moja. Waulize jina la muchoraji, wanasema: "Ee, ilikuwa gazeti." Njo hivyo. Mutu wa hadisi alikuwa na sura na jina, gazeti lilikuwa na jina, lakini katikati yao muchoraji alipotea. Gazeti lilipokufa, watu wale wa hadisi walilala nalo.

Na kuko jambo lingine la kuchekesha kidogo. Gazeti Zaïre, ambalo Mata Mata na Pili Pili walipitia, njo lilipiga tena chapa Tintin katika Kongo kuanzia mwisho wa 1969, wakati Ulaya ilikuwa inaona haya kukiuza kitabu kile. Wakongomani walikisoma na kucheka, kwa sababu waliona pale ginsi Wazungu walivyotuwaza. Kicheko kilikuwa chetu, lakini Tintin alibaki wa Ubelgiji.

Majirani na Waamerika

Musomaji asifikiri kwamba mambo haya ni ya Kinshasa na ya Kifaransa tu. Upande wa mashariki, katika lugha yetu ya Kiswahili, yalifanyika vile vile. Kule Kenya, Edward Gitau alichora Juha Kalulu kwa miaka makumi katika gazeti Taifa Leo, mpaka watu walishindwa kutenganisha muchoraji na juha wake. Pale Tanzania, gazeti la bede lililoitwa Sani lilipendwa sana katika miaka ya 1980. Jina lenyewe lilitoka kwa wenye gazeti wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Muchoraji kijana Philip Ndunguru alilipatia watu wa hadisi ambao Watanzania hawajawasahau: Ndumilakuwili, Madenge, Lodilofa. Ndunguru alikufa mwaka wa 1986, akiwa bado kijana. Watu wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine walishika kalamu, na Madenge akaendelea kufanya utundu wake.

Tusiharakishe kuhukumu. Kuna upande wa kushukuru: kama hakuna aliyeendelea, vijana waliozaliwa baada ya 1986 hawangemujua Madenge. Kwa upande wa desturi yetu ya kyaghanda, hii ni sawa kabisa: muzee anakufa, Sungura anaendelea. Lakini Sungura alikuwa wa bure kwa kila mutu, na Madenge anauzwa. Mahali kitu kinauzwa, haitoshi kusema "hadisi ni ya wote." Sherti kuuliza kama kuko kartasi kati ya muchoraji na gazeti, na kama jamaa ya marehemu imetajwa juu yake.

Waamerika walilipia somo hili bei kubwa. Vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitunga Superman. Mwaka wa 1938 waliuza hadisi ya kwanza pamoja na haki zote za Superman kwa dola 130, wakagawanya wawili. Superman alitajirisha kampuni. Wao waliingia tribinali katika 1947, wakapoteza Superman, na majina yao yakatolewa juu ya kurasa. Mwaka wa 1975 tu, walipokuwa wazee na filamu kubwa ikitayarishwa, kampuni ilikubali kuwapa kila mumoja dola 20.000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Hawakuibiwa usiku. Walitia mukono wenyewe. Walifikiri wanauza mavuno ya musimu mumoja, kumbe kartasi ilisema kilima.

Sheria yetu inasema nini

Wachoraji wengi wa hapa wanafikiri kwamba Kongo haina sheria ya mambo haya. Iko. Ni ordonansi-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda haki za watungaji. Tena Kongo iko ndani ya mapatano ya Berne, ambayo inchi nyingi zilikubaliana kusudi zilinde watungaji wa kigeni kama wale wa inchi yao. Tuchukue mambo matatu tu ambayo muchoraji wa Butembo anapaswa kushika.

Kwanza, haki inazaliwa siku kazi inazaliwa. Haikungoji muhuri wa ofisi. Lakini siku ya mabishano, mwenye tarehe na ushuhuda njo anasikilizwa.

Pili, haki iko na pande mbili. Kuna upande wa feza: kupiga chapa, kuuza, kugeuza kuwa filamu. Upande huu unaweza kuuzwa ao kukodishwa, na kwetu unadumu maisha yote ya mutungaji na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuna upande wa jina na heshima: mutungaji atajwe, na kazi yake isiharibiwe. Upande huu hauuzwi kamwe. Wazee wa kyaghanda wangeuelewa bila mwalimu.

Tatu, sheria hailindi wazo tupu. Ukisema "nitachora polisi muchekeshaji," hujapata kitu. Ukimupa polisi yule sura, jina, nguo, ginsi ya kutembea na ya kusema, pale njo unakuwa na mutu wako.

Shida si ukosefu wa sheria, shida ni mukono wa kuitekeleza. SONECA, iliyoanzishwa mwaka wa 1969, ilijulikana zaidi kwa wanamuziki, na wao wenyewe walilia sana juu yake. Mwaka wa 2011 SOCODA ilichukua nafasi yake, na mwanamuziki Verckys Kiamuangana akaiongoza. Kwa muchoraji wa Beni, Kinshasa iko mbali, na ndege ni ya bei kali.

Kwa upande mwingine, angalieni nguvu ya kartasi. Mukongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alipeleka Tintin katika Kongo mbele ya tribinali ya Brussels mwaka wa 2007, akisema kitabu kinatutukana. Mwaka wa 2012 alishindwa, mara ya kwanza na pa apeli. Lakini mwaka wa 2015, pale Uholanzi, kampuni Moulinsart iliyokuwa inalinda Tintin kwa ukali ilishindwa mbele ya chama kidogo cha wasomaji. Kwa sababu gani? Kartasi moja ya mwaka wa 1942 ilionekana, ambamo Hergé mwenyewe alikuwa ametoa haki za kupiga chapa kwa Casterman. Maneno ya mutu aliyeonewa hayakumusogeza Tintin hata kidogo. Kartasi moja ya zamani ilimusogeza.

Njia mbili za Wakongomani

Kati ya wachoraji wetu, wawili wanaonyesha njia mbili. Papa Mfumu'eto, pale Kinshasa, kuanzia mwaka wa 1990 aliandika, akachora, akapiga chapa na kuuza mwenyewe vitabu vidogo kwa Kilingala, juu ya ndoki, nyoka na mambo ya nyumba. Hakumupa mutu mwingine kilima chake. Vitabu vyake vilikuwa vya kartasi duni, lakini kila mutu alijua ni vya Mfumu'eto, na mwaka wa 2015 kazi yake ilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Barly Baruti, mwana wa Kisangani, yeye alipita njia ya kontra: alifanya kazi na waandishi wa Ulaya, na katika Madame Livingstone, iliyotoka kwa Glénat mwaka wa 2014, jina lake liko juu ya ganda la kitabu karibu na la mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Mumoja alibaki mwenye kila kitu katika soko dogo, mwingine aligawana katika soko kubwa. Njia zote mbili ni nzuri. Njia mbaya ni ya tatu, na kwa huzuni njo inapitwa na wengi hapa kwetu.

Hapa kwetu

Tangu miaka mingi Butembo na Beni ni inchi ya picha za mafundisho. Kuna picha juu ya amani, juu ya maji safi, juu ya uchaguzi. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.280, picha zilibandikwa pa mulango wa kila santé na kila kanisa. Picha hizi zinaokoa watu, na mikono ya vijana wetu imo ndani ya kazi ya namna hii.

Mumoja wa wanafunzi wetu wa zamani alichorea shirika moja, ambalo hatutaji jina, mama wa soko mwenye kitunga kichwani na ulimi mukali, anayefundisha jirani zake. Watu walimupenda mama yule. Kijana alilipwa mara moja, kwa mukono, bila kartasi. Baadaye mama yule alionekana juu ya kalenda, juu ya mipira, tena amechorwa na mutu mwingine, akisema maneno ambayo kijana hangemusemesha. Alipoenda kuuliza, walimujibu: "Si ulikula feza yako?" Alikula, ndiyo. Alikula mavuno. Lakini hakuna mutu aliyemuuliza kama anauza na kilima, na yeye hakujua kwamba kuko ulizo la namna ile.

Tunajua jibu la watu fulani: mutu mwenye njaa hawezi kubishana juu ya kontra, na shirika litaita mwingine. Ni kweli, na hatutaki kumufanya kijana apoteze kazi. Lakini kontra si vita. Ukurasa mumoja unatosha, wenye maneno manne: picha ngapi, kwa matumizi gani, kwa muda gani, na mutu wa hadisi anabaki wa nani. Kama shirika linataka kumununua mama wa soko kabisa, linaweza, lakini litaje bei yake, na bei ile haiwezi kuwa ya picha tatu. Muchoraji atie jina lake chini ya kila picha, aandike tarehe, abaki na orijinali ao fotokopi yake, na mushuhuda mumoja atie mukono. Desturi yetu haikupatana mambo ya udongo bila washuhuda. Kwa nini tupatane mambo ya akili bila mutu wa kuona?

Na sisi walimu tuko na kazi yetu. Tunapofundisha hadisi darasani, tumezoea kuuliza: nani alifanya nini, wapi, kwa sababu gani? Tuongeze ulizo moja: nani aliitunga? Tukianza pale, mutoto anayechora Spider-Man nyuma ya kaye atajua kwamba mwaka wa 1962 watu wawili wenye majina, Stan Lee na Steve Ditko, walikaa na kumufikiri. Na siku atakapotunga mutu wake mwenyewe, labda dereva wa taksi-moto wa Butembo, labda mama wa Beni anayerudi kulima shamba lake, atamuandikia chini jina la baba yake: ni kusema, jina lake mwenyewe.